Dawa ya Gari Zima

Baba yangu alikuwa akilinywesha gari lake dawa, na yake mwenyewe hataki kuimeza. Nikizikumbuka asubuhi zile za nyumbani kwetu Magongo, kwanza hunijia ile harufu tamutamu ya maji ya rejeta, halafu yeye, kainama juu ya injini na shati lake la kanisani, akimimina taratibu kama anayemlisha mtoto uji.

Gari tulimnunulia sisi wanawe alipostaafu bandarini. Lilikuwa la kisasa, na maji yake ya pinki ya kiwandani, na halikuwahi kuchemsha. Lakini moyo wa baba ulibaki kwenye gari lake kuukuu la zamani, ambalo kila tukipanda mlima wa Mazeras kwenda Rabai kwa kina mama lilikuwa lazima litapike. Mama alishuka na mtungi kuomba maji nyumba za karibu. Mpaka leo naiona leso yake ikipotelea ndani ya ule mvuke mweupe. Basi kila chupa baba aliyouziwa dukani, ya kuzuia kutu, ya kuziba matundu, ya kupoza injini, aliimimina ndani ya hili jipya.

Nikaenda kumuuliza fundi wa mtaani kwetu. Alisema maji ya kiwandani yameshatiwa kila kinachohitajika. Kazi yetu ni kuyabadilisha muda wake ukifika. Likivuja, litafutwe tundu. Lisipovuja, tuliache.

"Gari zima halipewi dawa, dada."

Nilirudi na maneno hayo mdomoni, tayari kugomba, maana kugomba mimi sikufundishwa na mtu. Baba akaniwahi.

"Dawa si mpaka uugue, mwanangu. Unakunywa ungali mzima, usije ukaugua."

Nilimkodolea macho. Tangu daktari amwambie ana presha, wimbo wake ulikuwa mmoja tu: mimi mzima, siumwi popote, dawa ya nini? Vidonge vilikaa kabatini vikishika vumbi. Mimi niliogopa sana. Mama tulimzika kwa presha hiyohiyo, naye kila akiulizwa alijibu hajambo.

"Haya, na wewe kunywa basi," nikamwambia. "Wewe kwanza, halafu gari."

Alininunia, akameza. Ikawa ndiyo desturi yetu: kidonge, kisha boneti. Maneno ya fundi nikayameza na mimi. Nikimshinda kwa habari ya gari nitakuwa nimempa sababu ya kuacha vidonge, na gari lenyewe lingekufa ningelilia siku moja tu.

Siku moja tukatoka mapema kwenda Rabai kupalilia kaburi la mama. Pale pale mlimani Mazeras mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka, baba akaegesha kando. Kulikuwa kimya, jua bado changa, ile harufu tamu imetuzunguka. Kwa kitambo nilisahau mwaka. Nilingoja mlango wa nyuma ufunguliwe, mama ashuke.

Fundi tuliyemwita hapo Mazeras alingoja injini ipoe ndipo akafungua kifuniko. Ndani hakukuwa na maji ya pinki tena, ni kitu kizito kama uji wa wimbi. Chupa zile zilikuwa zimechanganyika, na ile dawa ya kuziba matundu imeziba vijia vya maji vyenyewe.

"Nani alikuwa akilinywesha dawa gari zima?" akauliza.

Nilijua baba atakalosema: basi na mimi mzima, dawa ya nini? Lakini yeye alikuwa akizitazama zile nyumba za chini ya barabara ambako mama alikuwa akiomba maji. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kidonge ambacho kwa haraka ya safari hakuwa amekimeza.

"Nipe maji."

"Baba," nikasema, "umemsikia fundi?"

"Nimemsikia. Hayo ni ya gari." Alikigeuzageuza kidonge kiganjani. "Mimi si mzima, mwanangu. Nilikuwa nikijua, na mama yako alijua yake. Tulikuwa tukiulizana hali kila asubuhi, kila mtu anasema hajambo."

Chupa yetu ya maji ya kunywa ilikuwa tupu. Nikachukua mtungi, ambao baba hakuacha kuubeba garini, nikashuka kuomba nyumba ya karibu.