Swila Ndani ya Neti ya Kunde

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Kitengela kutusaidia kulea mtoto wetu wa kwanza. Alikuja na mbegu za mboga za kienyeji zimefungwa kwenye pindo la leso: kunde, mrenda na saga. Alipoona kiwanja chetu, kokoto mbele na udongo mweusi uliopasuka nyuma, alimwambia mke wangu kwamba hapa hata magugu yanaota kwa shida. Kwa hiyo nikakata mapipa mawili ya plastiki katikati, nikatoboa mashimo chini, nikajaza udongo mwekundu na samadi ya mbuzi kutoka kwa jirani. Mama mkwe akapanda.

Sisi ni watu wa magharibi ya nchi, na kwetu mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Hatukuwahi kusalimiana kwa mkono. Tukikutana kwenye korido, mmoja anarudi nyuma mwingine apite. Akitaka kuniambia jambo, alimwambia mtoto nikisikia. "Mwambie baba yako maji ya tangi yamepungua." Mtoto alikuwa na miezi michache tu, lakini ujumbe ulifika.

Asubuhi baada ya mbegu kupandwa tulikuta udongo umechimbuliwa na maganda ya kunde yametapakaa. Nyuma yetu kuna ploti tupu yenye nyasi za kufika kiunoni, na panya wa humo walikuwa wamepata karamu. Nikasema nitaleta sumu.

"Mwambie baba yako," akamwambia mtoto, "wewe hivi karibuni utaanza kutambaa, na hiyo sumu itakuwa bado iko hapo."

Nikaacha sumu. Nikanunua neti ya nailoni kwenye duka la agroveti, ile ya kuzuia ndege, nikafunika mapipa yote na kuikaza kwa vipande vya tyubu. Iliyobaki niliiacha imelala chini, mikunjo juu ya mikunjo. Mbegu zikapandwa tena, na safari hii kunde zikachipua. Panya waliendelea kukimbia kando ya mapipa, lakini juu hawakupanda. Niliwaza panya tu. Sikuwaza ni nani anayewafuata panya.

Siku moja nilikuwa likizo. Mke wangu alikuwa amempeleka mtoto chanjo. Nilikuwa jikoni nikamsikia mama mkwe akiita, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu aliyekosa pumzi: "Watu wa hapa. Watu wa hapa, mko wapi?"

Nilimkuta ameketi chini karibu na mapipa, viganja vimefunika macho. Hatua chache mbele yake, kwenye ile mikunjo ya neti, swila alikuwa amenasa. Nailoni ilikuwa imemkaba katikati ya mwili, nyama imefura pande zote mbili, na ile nusu ya mbele ilikuwa imesimama, shingo imetanuka. Alikuwa ananitazama. Nilijua swila hutema mate ya sumu, na nilijua hayo mate yamekwisha kumfikia mama. Nasema ukweli, kwa muda fulani nilisimama tu kama mtu aliyeitwa jina na hajui ameitwa na nani.

"Mama, kuna nyoka," nikasema. "Rudi nyuma."

"Wapi nyuma? Mimi sioni."

Nikachukua karai la kuogeshea mtoto, nikajikinga uso. Kwa mkono mwingine nikamnyooshea mpini wa jembe. "Shika huu mpini, mama, nikuvute." Mikono yake ikapapasa hewani, ikaelekea kwa nyoka. Hapo ndipo niliutupa mpini nikamshika kifundo cha mkono.

Akajivuta. "Usinishike, mkwe. Ita mtu."

"Hakuna mtu, mama."

Kitu kama mvua kikagonga karai. Nikamburuta hadi kwenye tangi. Bomba lilikuwa linatoa uzi mwembamba wa maji. Nikamlaza kichwa kwenye goti langu, nikajaribu kufungua kope zake, lakini alikuwa amezikaza kwa nguvu zake zote na analia kama mtoto, mama wa watu wazima watano. Ilibidi nizibandue kwa vidole vyangu. Chini yake macho yalikuwa mekundu kama nyama mbichi. Nikamwaga maji kikombe baada ya kikombe, nikimwambia afungue, afungue, na maji mengine yakawa yanamwingia puani.

"Yanaungua," akasema. Halafu, polepole, "Mkwe, nimekuwa kipofu?"

Nikakinga kikombe kingine.

Jirani yetu, mama wa Kimaasai mwenye wale mbuzi, alisikia akaja na pikapu yake. Alikuja na galoni la maji, akaniambia niendelee kumwagia njiani. Nikamuuliza kama watu hupona. "Mbuzi wangu alitemewa," akasema, macho yakiwa barabarani. "Alipona. Jicho moja lilipona." Afadhali nisingeuliza.

Kliniki wakamwosha tena kwa muda mrefu, wakamtia dawa, wakamfunga macho yote mawili. Daktari akasema kuosha mapema kumesaidia, lakini hawezi kuahidi kitu mpaka kesho afungue. Mke wangu alifika na mtoto mgongoni. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi na shati langu lililoloa.

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

Akaketi karibu nami.

Tuliporudi nyumbani, nyoka alikuwa bado yupo. Kundi la simu la mtaa lilitupatia mtu anayeshika nyoka. Alikuja kwa pikipiki kutoka upande wa Isinya, akavaa miwani ya fundi wa kuchomea vyuma, akambana kichwa kwa fimbo na kuikata neti kwa makasi, uzi mmoja mmoja. Nilitazama kupitia dirisha lililofungwa. Akamtia kwenye ndoo ya kifuniko. "Hizi neti laini zinawanasa sana," akasema. "Weka waya, na hizo nyasi zifyekwe. Panya wakiisha, huyu hana kazi hapa."

Kesho yake daktari alifungua bandeji. Mama akageuza uso polepole huku na huko, na mke wangu akaanza kulia.

"Ninaona mtu," akasema mwishowe. "Ana kitu kama ukungu." Ukungu ulichukua siku kadhaa kuisha. Ulipoisha, aliomba apelekwe nje aone mapipa.

Sasa yamewekwa juu ya meza ya vyuma, kila moja na fremu ya mbao na waya mgumu wa matundu madogo. Ile ploti tupu tuliifyeka kwa ruhusa ya mwenyewe. Panya wamepungua, mrenda umejaa. Lakini kila ninapotaka kuchuma, nagonga kwanza kwa fimbo ndefu, nasikiliza, nagonga tena. Mke wangu haingii huko kabisa. Mama ndiye anayeingia, na mimi nikimwona ameinama pale, nasimama mlangoni na galoni la maji limejaa, mpaka atoke.