Rekodi Isiyo na Dramu Kubwa

Shemeji yangu anapiga dramu katika bendi ya harusi pale Korogwe. Mwaka jana kiongozi wake alinunua kinanda kinachotoa mapigo chenyewe, akamwambia waziwazi: harusi ya kijijini Kwedizinga ndiyo itakayoamua. Watu wasipocheza, kinanda kinatosha.

Wiki ya harusi hiyo nilikuwa nasikiliza kwenye simu rekodi za jazi ya Marekani, zile za mwanzo kabisa. Nilitegemea tarumbeta na mikwaruzo. Badala yake nilimsikia mpiga dramu akikatakata mapigo kwenye kipande cha mbao na kengele, kwa kasi, utadhani kijana wa singeli. Nikampa shemeji asikilize.

"Huyu ni wa juzi."

"Huyo alishazeeka babu yako hajaoa."

Akarudia kusikiliza. "Mbona dramu kubwa haipo?"

Hilo nilikuwa nimelisoma: mtikisiko wake uliirusha sindano ya kurekodia, kwa hiyo mara nyingi waliiweka kando.

Kwedizinga nilikwenda nao. Tulipokuwa tunakula pilau, wajomba wa bwana harusi walikuwa wamewasha moto wa kukaza ngoma zao za ngozi. Wakaigonga dramu yetu kubwa, wakaona imelegea, wakaisogeza motoni nayo. Kiwambo chake, pale panapopigwa, ni cha plastiki. Tuliporudi kilikuwa kimejikunja kama chapati iliyoungua.

"Mjomba, hii haipashwi moto!" shemeji alilalamika.

"Ngoma gani isiyotaka moto?" mmoja wao akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Kiongozi alishakaa kwenye kinanda. "Basi, dogo, pumzika."

"Nipe wimbo mmoja tu, kaka."

Shemeji akaenda jikoni, akarudi na kinu, akakipindua kando ya dramu ndogo.

"Kinu changu hicho!" mama mmoja alipiga kelele kutoka kwenye masufuria.

Alipiga kitako cha kinu, ukingo wa dramu, na, kidogo tu, ile sahani ya shaba ya dramu zake. Mapigo yalikuwa makavu, yanakatika pasipotarajiwa. Wimbo wa kwanza walisimama shangazi za bibi harusi. Wa pili, uwanja ukajaa vumbi. Kinanda kilipiga nyimbo tu, mapigo yake yamezimwa.

Jioni tulisimama Kabuku kunywa chai. Kiongozi alikoroga sukari muda mrefu.

"Jumamosi tuko Kang'ata," alimwambia shemeji. "Uje na kinu chako. Yule mama alikuwa ananitazama mimi kama ndiye niliyemwibia."