Sinia Tupu Chini ya Kawa

Watu husema marehemu hasemwi. Wifi yangu yu hai, anakula na kushiba, basi mimi nitamsema.

Miaka ile ya shida, madukani mlikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Sabuni hakuna, tukifulia majani ya mpapai. Mshahara wa mume wangu wa bandarini haukutufikisha popote. Nikalitazama kabati langu: mabakuli ya maua, birika, masinia ya shaba ya harusi yangu, vitu tusivyovigusa ila sikukuu. Kwa kuwa vipya havikupatikana, vikuukuu viligeuka mali. Nikaanza kuviuza kimoja kimoja, tupate nyongeza ya unga na mafuta ya taa.

Lakini mtaani kwetu Ngamiani, enzi zile, mwanamke wa heshima hakuuza chombo chake hadharani. Tulikuwa na njia yetu. Chombo kinafunikwa kawa la ukindu, binti anakibeba kama anayepeleka chakula kwa jirani. Anayekutana naye humwambia tu, "Haya mwanangu, wasalimie huko." Hakuna aliyefunua. Hata aliyejua alijifanya hajui, maana kesho na lake lingepita vivyo hivyo.

Binti yangu alikuwa ameshaposwa na watu wazuri, imebaki kutaja siku tu. Alasiri moja nikamtuma na sinia. Akapita mbele ya nyumba ya wifi, na kibarazani alikuwa amekaa mgeni, ndiye mama wa yule kijana aliyeposa. Wifi akamwita, "Njoo mwanangu, shangazi yako aonje kidogo." Mtoto atamkataliaje shangazi yake? Akainama. Wifi akainua kawa.

"Hee! Sinia tupu! Jamani, kaka yangu anauziwa vyombo ndani ya nyumba yake! Kesho si watauza na kitanda?"

Alijua, mshenzi yule. Mnunuzi wangu wa kwanza ni yeye aliyenionyesha.

Posa ikavunjwa. Na kijana yule akaenda kuposa wapi? Kwa wifi! Akaozwa binti yake, na mimi nikaalikwa kupika pilau. Nikaenda, nikapika, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Moyoni nikisema, mwosha huoshwa.

Zikaja siku za ruksa. Mitumba ikamwagika, masufuria mapya yakaning'inia kila duka. Kuuza vitu hakukuwa aibu tena, nami nikatandika mkeka kibarazani kwangu, nikauza vyombo vikuukuu mchana kweupe, vyangu na vya watu. Aliyeendelea kuona haya ni yule aliyewacheka wenzake.

Kiwanda alikofanya kazi mumewe kikafungwa. Mchana mmoja wa jua kali, watu wamelala, wifi huyo mlangoni kwangu, na kawa lake.

"Wifi, nisitiri. Usimwambie mtu."

"Wallahi, simwambii mtu," nikamjibu. Nikamlipa vizuri, sikumpunja hata senti.

Na neno langu nililitimiza. Sasa, huku kwetu kila mwanamke hupaka rangi yake chini ya vyombo, visije vikapotea vikiazimwa shughulini. Ya wifi ilikuwa kimstari chekundu, mji mzima unakijua. Jioni nikavipanga vyombo vyake mbele kabisa ya mkeka, nimevifudikiza, makalio juu. Nikakaa kimya napepea nzi.

Wanawake wa sokoni wakapita, wakasimama, wakatazamana. Naye mama wa yule kijana, sasa mkwe wa wifi, akasimama.

"Rangi hii naijua," akasema.

"Mimi sijui, dada. Mimi nauza tu."

Habari ikamfikia wifi kabla ya magharibi. Akaja mbio, akiburura kanga. "Wifi! Uliniapia!"

"Nimemwambia nani? Waulize hawa."

Akachuchumaa palepale, akavua kanga yake ya juu akavifunika vile vyombo. Nikapaza sauti ifike mtaa wa pili:

"Na kanga nayo unauza, wifi? Ilete basi, niitazame kama haina tundu!"

Watu wakaangua kicheko. Mkwe wake akacheka kuliko wote. Wifi akalia mbele yao, na mimi, siwafichi, nilisikia raha mpaka kwenye kucha.

Watu huniuliza kama sijuti. Nijutie nini? Binti yangu alikaa hajaposwa tena mpaka ujana ukamtoka, akaishia kuolewa mbali, kijijini Moa, uke wenza, na mwanamume wa rika la baba yake. Akija kunitembelea na wanawe, hata kikapu hajatua, anataka kwanza kwenda kumwamkia shangazi yake. Huketi kule wakacheka pamoja, nasikia mpaka huku. Nimemkataza, nimemgombeza, nimemlilia. Hunisikiliza mpaka mwisho, halafu huniuliza kama nina chochote cha kumpelekea shangazi.