Kura Moja Katika Sanduku la Kijiji

BARIADI, Septemba 1995. Saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya duka la Hashimu, Nyanjige anakanyaga cherehani huku macho yakiwa barabarani. Kila baiskeli ikipita, mguu unasimama. Ikishapotea, anaendelea.

"Mwangaluka, mayu," mteja mmoja anamsalimu kwa Kisukuma. Anaitikia, lakini kwanza anafunika kitambaa kilicho mapajani. Kumbe ni shati la mwanafunzi tu.

Nyanjige si jina lake. Ameomba tulibadili, na tusitaje kijiji chake wala jina la chama chochote. Ana miaka thelathini na minane. Kila jioni huendesha baiskeli saa nzima kurudi kwa mama yake, Ng'washi, aliyevimba miguu na asiyeinuka tena kitandani.

Kosa lake, kama ni kosa, lilianzia kwenye ngoma. Usukumani, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, hushindana kila baada ya mavuno, kila upande na manju wake wa kuongoza nyimbo na dawa zake. Kwa miaka kumi Nyanjige amewashonea wote wawili mavazi, na hakuna aliyemnunia.

"Vyama vingi vilipoletwa nikaona ni yale yale," anamwambia mwandishi. "Hawa wakaleta vitambaa, na wale wakaleta. Nikashona bendera za pande zote. Mitumba imetuua sisi mafundi, baba. Ningekataaje kazi?"

Kumbe kijiji chake kilikuwa kimeshakaa mkutano na kukubaliana chama kimoja, kile kipya. Sungusungu, walinzi wa jadi, wakamkuta njiani na furushi la bendera kumi za chama cha zamani. Wakamsimamisha mbele ya watu wote.

"Wakaniambia, 'Safari hii tumekusamehe. Siku ya kura kijiji kiwe kitu kimoja.' Hawakunipiga. Afadhali wangenipiga."

Anachoogopa ni kutengwa. Aliyetengwa haazimwi moto wala jembe, hasalimiwi kisimani, na akifiwa hakuna anayekuja na sururu. Nyanjige hana kaka wala mume.

"Nimchimbie mama yangu kaburi peke yangu?" anauliza.

Si kwamba ana mapenzi makubwa na chama cha zamani. Anacheka kidogo anapokitaja: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anakiri kwamba wapya wanasema kweli kuhusu bei ya pamba, na mkutano wao aliusikiliza mpaka mwisho. Kilichomrudisha nyuma ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuuliza swali.

"Mimi kitambaa nakivuta kwanza, nione kama kinachanika. Ukinikataza kukivuta, sinunui."

Hashimu, mwenye duka, anaona fundi wake anajitesa bure. "Kura ni siri, dada. Redio inatangaza kila siku. Mimi nitapiga yangu, nirudi kulala."

"Wewe unapigia mjini," Nyanjige anamjibu. "Kura zenu ni maelfu, zinachanganyika. Sisi kijijini tumejiandikisha mia mbili na kumi na sita, na zinahesabiwa pale pale. Ikitoka moja ya chama cha zamani, kuna atakayehitaji kuuliza ni ya nani?"

Hashimu anaingia ndani kupanga sabuni.

Mwandishi wa makala hii alikuja Bariadi kuuliza kwa nini watu wa kati, wasio na kelele, huchagua chama hiki na kukiacha kile. Alitarajia kusikia habari za pamba na barabara. Hakutarajia kusikia habari za kaburi.

Uchaguzi umebakiza wiki tano. Atapigia chama kipi? Nyanjige anakata uzi kwa meno.

"Kile ninachokitaka," anasema polepole, "kama tutakuwa japo sita. Tukiwa sita, hawatajua ni nani. Na wapo. Siku ile niliposimamishwa, watu wakishangilia, niliwaona wengine wameangalia chini kama mimi."

Kwa nini asiwaulize?

"Nikimuuliza mmoja, nikawa nimekosea mtu, nitakuwa nimejitaja."

Anageuza shati, anatafuta pindo, halipati.

"Na wao, baba, wananiogopa mimi."