Baba kanisindikiza kwa mteja

Jamani, leo baba kakataa niende peke yangu kwa mteja.

"Unaendaje kupatana kazi bila mzee?"

Yaani kama naenda kuposa! Wa kwenu wako hivi?

Mteja ni mama muuza dagaa wa Igoma, anataka mchoro wa pakiti zake. Kazi yangu ya kwanza tangu niache ualimu.

Nafungua kompyuta, namwonyesha michoro yangu. Yule mama anatazama. Anaisogeza kompyuta pembeni.

Nikajua nimekwisha.

"Kuchora kasomea wapi?" Anamuuliza baba, siyo mimi.

Sijasomea popote. Jasho!

Baba akakohoa. "Ukutani kwangu, kwa mkaa, akiwa mdogo. Nyumba nzima nimepaka rangi, ule ukuta sijaugusa mpaka leo."

"Basi aanze kesho," mama akasema.

Na mimi miaka yote nilijua rangi ndiyo iliisha.