Bahasha ya Namba za Kompyuta

Siku tuliyomzika mama, baba mdogo alisimama kando ya kaburi akasoma wasifu wa nusu ukurasa. Marehemu alizaliwa Itaka, akafundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, alikuwa mcheshi na mpenda watu, ameacha mume na watoto wanne. Nilisikiliza kwa hasira iliyonizuia hata kulia. Mama hakuwa mcheshi. Alikuwa mkali, na ukali wake ndio uliotuchekesha, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Wasifu wake halisi alikuwa ameuandika mwenyewe, na chanzo kilikuwa mimi. Miaka michache nyuma, tukitoka kwenye msiba wa jirani, nililalamika njia nzima kwamba wafu wa Mbozi wote wanafanana: kila mmoja mchapakazi, kila mmoja mpole. Nilitaka kujua kama hajawahi kufa hata mchoyo mmoja.

"Basi wangu nitauandika mwenyewe," mama alisema. "Msije mkanisoma kama tangazo la chanjo."

Nilidhani ni utani. Kumbe aliifungua ile kompyuta niliyomwachia nilipomaliza chuo, akaanza, kwa vidole viwili, kila siku baada ya kulisha kuku. Siku moja alinipigia simu kuuliza kama mtoto aliyeishi siku tisa anahesabiwa au hahesabiwi. Alikuwa anamzungumzia kifungua mimba wake, ambaye nyumbani hatukuwa tukimtaja. Mimi, badala ya kunyamaza na kusikiliza, nikamuuliza anahesabiwa na nani: serikali, kanisa, au yeye mwenyewe? Akasema, "Wewe na maswali yako," akakata simu. Sikumuuliza tena aliamuaje.

Mvua za mwaka huu radi ilipiga nguzo ya umeme jirani na nyumbani, na kompyuta ilikuwa imechomekwa. Haikuwaka tena. Mama alisema tutaishughulikia mvua zikipungua. Alifariki kabla hazijapungua.

Baba aliniomba kitu kimoja tu. Siku ya kujengea kaburi, mama asomewe maneno yake. Baba hakuwahi kuyaona, lakini alikuwa akimsikia akicheka peke yake mbele ya kompyuta, na alitaka kujua kilichomchekesha. Nikaifunga ile kompyuta kwenye kitenge, nikaipeleka Tunduma.

Fundi niliyeelekezwa ni mtu wa Kigoma, ana kibanda kando ya barabara yanaposimama malori ya kuvuka mpaka. Aliifungua akaninusisha harufu ya kuungua. Akasema bodi kuu imekufa, yaani ule ubao ambao kila kitu ndani ya kompyuta kimeshikizwa juu yake, lakini diski, ambamo kazi ya mtu inakaa, ni nzima. Nilimhoji kama polisi. Anajuaje? Amepima na nini? Akiitoa bodi hii, hiyo nyingine ataitoa wapi?

"Dada, wewe ni fundi au mteja?"

Nikamwambia ni mteja aliyewahi kuibiwa. Akanisogezea stuli nikae niangalie.

Bodi ya aina ileile aliipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye kompyuta iliyovunjika kioo. Jumamosi iliyofuata nilitoka Vwawa, ninakojitolea kufundisha, nikakaa kwenye ile stuli nikihesabu skrubu anazofungua na anazorudisha. Zilitimia. Akabonyeza, feni ikanguruma, kioo kikawaka, na mimi nikaanza kulia kabla sijasoma kilichoandikwa.

Kilichoandikwa ni kwamba diski imefungwa. Ilitaka namba za siri, tarakimu arobaini na nane.

"Nani aliifunga hii?" fundi aliuliza.

"Mimi."

Aliweka bisibisi chini. Kisha akanieleza kwa upole, tofauti na alivyokuwa akinijibu mwanzo. Bodi ya zamani ndiyo iliyokuwa ikijibu kila mama alipowasha, naye hakujua kwamba kuna swali linaulizwa. Bodi hii mpya haijui jibu.

Niliifunga nikiwa mwaka wa tatu, baada ya rafiki yangu wa bwenini kuibiwa tasnifu. Kompyuta ilitaka kunitunzia zile namba kwenye mtandao, nikakataa. Kwa nini kampuni nisiyoijua iwe na ufunguo wangu? Niliziandika kwenye karatasi. Nilipompa mama kompyuta nilimpa na karatasi, ndani ya bahasha ya kaki, nikamwambia asiipoteze kamwe.

Yote hayo niliyakumbuka pale kwenye stuli, na nikakumbuka na lililofuata. Nilikuwa Dodoma kwenye usaili wa kazi, foleni imezunguka jengo, jua limenichosha, mama akapiga. Alikuwa anapanga kabati. Aliuliza zile namba za kompyuta azitunze mpaka lini.

"Tupa tu, mama. Hazina kazi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Hata hivyo nilikwenda nyumbani Itaka nikiwa na tumaini, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kutupa. Mimi na baba tuliteremsha kila kitu kabatini. Ripoti zetu za shule tangu darasa la kwanza, vifuko vya mbegu za mahindi vilivyokunjwa vizuri, mitihani ya watoto ambao sasa wana wajukuu. Bahasha ilikuwa chini kabisa. Juu yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni, aliandika: *Namba za kompyuta. Zisipotee.* Chini yake, kwa wino mwingine: *Zimechomwa. Mwanangu amethibitisha.*

Ndani hamkuwa na kitu.

Mama aliwahi kumpigia jirani yangu kuhakikisha kama kweli nilikuwa naumwa. Aliwahi kunirudisha dukani kwa sababu hakuniamini kuhusu bei ya chumvi. Maisha yake yote alinihoji, nadhani ndiko nilikojifunza. Mara moja tu alinikubalia bila kubisha, na ilikuwa mara hiyo.

Baba aliniomba nimsomee kilichoandikwa, miwani yake ilikuwa mbali. Nikamsomea. Akakaa kitandani.

"Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Ndiyo, baba."

Alivirudisha vile vifuko vya mbegu kabatini, kimoja kimoja. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi Tunduma. Fundi alisema bila namba kilichobaki ni kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuiwekea kompyuta mfumo mpya. Au aweke diski nyingine, hii nikae nayo. Nilimuuliza kama ipo siku itafunguka. Akasema angeweza kunidanganya, lakini mimi si mtu wa kudanganywa. Nikachagua diski nyingine. Mfumo ulipomaliza kuingia, kompyuta ilinikaribisha kama mgeni, ikaniuliza jina langu na lugha ninayotaka. Diski ya mama niliitia kwenye bahasha ya kaki. Ilienea.

Siku ya kujengea kaburi watu walikuja wengi. Mchungaji alipomaliza kuomba, baba alinitazama, nikasimama mikono mitupu. Nikasema wasifu wake mama aliuandika mwenyewe, na mimi ndiye niliyeupoteza. Wengine hawakuelewa habari za namba, lakini kupoteza walikuelewa. Nikasema sitautunga mwingine. Kuna jambo moja tu nataka lisahihishwe.

"Mama alizaa watoto watano."

Sina ushahidi kwamba ndivyo alivyoandika. Baba mdogo aliinua kichwa. Baba hakuinua. Aliendelea kutazama saruji, ambayo ilikuwa bado mbichi, kisha kwa sauti yake ya kawaida kabisa akataja jina la mtoto ambalo sijawahi kulisikia.