Gari Linasema Halioni, Mume Wangu Anasema Linatusalimia

Admin, nifiche jina tafadhali, huku Kapsoya tunajuana sana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita na duka dogo la dawa za mifugo mjini Eldoret. Mume wangu hufanya kazi ya shifti kiwandani. Ni mtu mzuri. Nasema mapema ili msije mkaniambia nimwache, shida yangu si hiyo.

Mwaka jana alinunua gari la mtumba kutoka Japani, lile la kisasa linalosoma mistari ya barabara na kujirudisha katikati likianza kupinda. Likiona kitu mbele, linapiga breki lenyewe. Siku moja kwenye barabara ya Nakuru lori lilisimama ghafla, na gari likashika breki kabla yeye hajashtuka. Jumapili akatoa ushuhuda kanisani, wazee wakatoka nje wakaweka mikono juu ya boneti wakaliombea. Tangu siku hiyo, ukimwambia ashike usukani vizuri, ni kama umesema Mungu hakufanya kitu.

Jumamosi akiwa hana kazi huwapeleka watoto kwa mama yake, gogo wao, kijijini upande wa Chepsaita. Mimi hubaki dukani. Ukiacha lami ni matope matupu, hakuna mstari hata mmoja, ng'ombe wanavuka wanavyotaka, na matrekta ya mahindi yanavuta trela zisizo na taa. Gari likifika hapo, sauti ya mwanamke huanza kuongea Kijapani na maandishi mekundu yanajitokeza mbele ya dereva. "Anatusalimia," mume wangu husema, na watoto humwitikia. Hata mimi nilikuwa nikicheka, nikimwita mke mwenzangu.

Mwezi uliopita nikaenda nao. Watu walikuwa wameanika mahindi kwenye turubai ukingoni mwa lami, kama kawaida ya mavuno. Sijui gari liliona nini, labda lilidhani ukingo wa turubai ni mstari, kwa sababu usukani ulijivuta wenyewe kuelekea pale ambapo mama mmoja alikuwa ameinama akigeuza mahindi. Mume wangu alikuwa amepumzisha mikono mapajani. Nilijirusha nikaushika mimi. Tulikanyaga mahindi, yule mama tukamkosa kidogo tu. Hakututukana. Alianza tu kukusanya mahindi yaliyotawanyika.

Tulipoingia kwenye matope, ile sauti ikaanza. Nikapiga picha yale maandishi, simu ikanitafsiria: kamera haioni, msaada umezimwa, dereva aendeshe mwenyewe. Nilimsomea mara mbili.

"Hiyo ni ya kule Japan," akanijibu. "Huku ishazoea. Si uliona vile iliniokoa kwa highway? Mama Chebet, wacha woga."

Nikamwendea mzee mmoja wa kanisa, akaniambia atatuweka kwa maombi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, hata hamu ya kupika sina.

Sasa jana jioni nilikuwa namsuka binti yangu, huyo Chebet, jina nimebadilisha. Akaongea polepole bila kuniangalia. "Mama, usiambie Daddy ni mimi nimesema. Akitoka night shift tukienda kwa gogo, yeye hulala kidogo. Anasema gari itamwamsha."

Nikamuuliza wao hufanya nini baba yao akilala.

"Tunanyamaza, ndio asishtuke."

Sijalala tangu hapo. Kesho ni Jumamosi, na leo usiku yuko shifti. Mama mkwe wangu ni mgonjwa, ameomba kuwaona wajukuu, na mimi natoka Central, si wa kabila lao, tayari kuna wanaosema nawatenga watoto na watu wa kwao. Nikimwambia mume wangu kile nilichoambiwa, atajua nani alisema. Nikinyamaza, wataenda. Ninapoandika haya yeye yuko nje anaosha gari, na watoto wamemaliza kupanga nguo zao. Wamenyamaza wote wawili, na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Nawaomba mnishauri leo, si kesho. Nimzuieje?